Macho ya Lea

“Labani! Umemwita baba yangu Labani mbele ya mtaa mzima, halafu unakuja kubisha hodi hapa unataka kahawa!”

“Sijataka kahawa, Rena. Nimesema tu nimelowa.”

“Lowa! Lowa mpaka mifupa ioze!”

“Na sikumtaja baba yako mimi. Nilimtaja Labani. Labani wa kwenye Torati, mjomba wake Yakobo. Kosa langu nini?”

“Ahaa, kosa lako nini. Haya niambie, kwenye sinagogi letu nani mwingine ana mabinti wawili, mkubwa hajaolewa na mdogo ana kichaa anayemtaka? Nitajie hata mmoja, nami nitakupikia hiyo kahawa.”

“Leo Sabato. Huwezi kupika.”

“Nitaipika jua likizama, nikumwagie!”

Hapo Mento Danon akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa amesimama karibu na mlango, maji yanamtiririka kutoka kwenye nywele mpaka kwenye kola, maana theluji ilikuwa inaanguka tangu alfajiri na mtu hafungui mwavuli siku ya Sabato. Kofia yake ameitundika kwenye msumari pembeni ya jiko, inadondosha maji tone tone, na hakuna wa kuikamua kwa sababu kukamua nako ni kazi. Ikawa wao wanagombana, kofia nayo inalia kivyake.

“Punguza sauti basi,” akasema Mento. “Mzee amelala.”

“Baba hajalala. Baba amejifungia. Amekula yai moja tu, hata chumvi hakugusa, akapanda ngazi na viatu miguuni. Na viatu, Mento! Mtu ambaye akiona tone la tope kwenye zulia anaita majirani washuhudie.”

Mzee Chelebon Altarac alikuwa fundi bati, mifereji ya maji kwenye mapaa ya nusu ya Sarajevo imepita mikononi mwake, na nyumba nzima ilizoea sauti yake. Akitoka sinagogi siku ya Sabato huimba kuanzia getini. Leo getini alikohoa tu.

Rena akageuka dirishani asije akalia mbele ya huyu bwana. Nje hakukuwa na kitu. Yaani mtaa wa Bjelave wote ulikuwa umeyeyuka: paa, ngazi za mawe, mji kule chini bondeni, vyote vimefunikwa, theluji inashuka polepole kama haina haraka ya kufika. Watu wameshakula, wamelala usingizi wa mchana wa Sabato, ule mzito wenye joto la tumbo kujaa. Hata mbwa hakubweka. Ilikuwa kama dunia nzima imeingia ndani ya ndoto ya mtu mwingine, wakabaki wao wawili tu macho, na wenyewe wanatukanana.

Ilikuwa hivi. Pale Bjelave, kwenye kile kisinagogi cha mafundi, ni kawaida kila Sabato kijana mmoja asimame baada ya sala ya asubuhi, aliseme fungu la Torati la wiki, kisha alitolee funzo, kitu cha mtu kutembea nacho mpaka Sabato nyingine. Siyo hotuba ya rabi. Maneno ya watu wa kawaida. Kuna fundi viatu alishawahi kusema safina ya Nuhu inatufundisha kwamba lami haipunjwi, watu wakacheka, na wiki ile hakuna kiatu kilichovuja. Sasa leo zamu ilimwangukia Mento, na fungu lilikuwa lile la Yakobo anavyofika kisimani, anamwona Raheli, anamtumikia Labani miaka saba kwa ajili yake na miaka yenyewe anaiona kama siku chache tu, halafu usiku wa harusi Labani anampa dada mtu, Lea, chini ya shela. Kijana mwenye akili angezungumzia kondoo. Mento akazungumzia shela.

Akasimama, mkono juu ya meza ya kusomea, akasema kwa sauti yake ile ya kubembeleza: “Lea alikuwa na macho dhaifu, ndugu zangu, na Raheli alikuwa mzuri wa umbo na uso. Moyo wa Yakobo ulijua unachotaka. Sasa ni nani aliyesema mdogo asimtangulie mkubwa? Ni Labani. Na Labani alikuwa tapeli.”

Kule juu, nyuma ya wavu wa mbao, wanawake wote wakageuza shingo kwa mpigo mmoja. Wakamwangalia Bukica, dada yake Rena, mzaliwa wa kwanza, mtarizi ambaye sindano imemla macho mpaka miwani yake imekuwa minene kama kitako cha bilauri. Shangazi Lunacha wa nyumba ya pili akacheka. Aliziba mdomo, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka, kikafuatwa na vingine. Rena aliushika mkono wa dada yake. Ulikuwa wa baridi, na ulijitoa taratibu.

“Uliona wanawake walivyofanya?” akauliza sasa, bado kampa mgongo.

“Nitaonaje, mimi nilikuwa chini. Nilisikia kicheko nikadhani wamependa.”

“Ukadhani wamependa!”

“Rena, nisikilize.” Akasogea hatua, kiatu kikatoa sauti ya maji. “Sikukuu ya vibanda nilikwenda kwa baba yako kama mtu mwenye adabu zake. Nikamwambia, mzee, namtaka Rena. Akanijibu nini? Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa. Basi. Akarudi kugonga bati. Halafu wiki hii nafungua fungu nijiandae, nakuta maneno yale yale kwenye mdomo wa Labani! Yale yale! Nikasema loo, Mungu mwenyewe kaniandalia cha kusema. Ningenyamaza?”

“Ndiyo! Watu wananyamazaga, Mento! Ni kitu kinawezekana!”

Akacheka. Mjinga yule akacheka, na Rena akakichukia kicheko hicho kwa sababu kilimpata palepale kinapompataga siku zote, chini kidogo ya shingo. Akageuka amtukane vizuri, ndipo akaona uzi wa pamba mweupe umeng'ang'ania kwenye nyusi yake ya kushoto. Mento alikuwa fundi wa mifarishi, yale mablanketi mazito ya pamba. Aoge asubuhi, aoge jioni, siku ya Sabato avae koti jeusi la heshima, bado uzi mmoja wa pamba utabaki mahali fulani juu yake, kama vile kazi imekataa kumwacha.

Ndivyo alivyomwona mara ya kwanza. Zilikuwa wiki zile za kabla ya Pasaka, wanawake wanapindua nyumba chini juu, na mifarishi yote ya akina Altarac imetolewa uani ipigwe upya. Rena alitoka na sinia la vikombe akakuta ua umejaa wingu. Pamba inaruka, inazunguka, inakaa kwenye matawi ya mti wa plamu ambao ulikuwa haujatoa hata jani, na katikati ya wingu kuna mtu anapiga uzi wa upinde mkubwa wa kuchambulia pamba, dung, dung, dung, kama anapiga muziki ambao hakuna mwingine anaujua. Kisha upinde ukanyamaza. Wingu likaanza kushuka. Uso wake ukatokea kidogo kidogo, kwanza paji, halafu macho, halafu yale macho yakamwona. Hakuna aliyesema kitu. Pamba ilimtua Rena kwenye nywele, kwenye mikono, kwenye kahawa, na yeye akabaki kashika sinia kama sanamu, akiona kama amekuwa amelala miaka yote na sasa ndiyo kaamshwa, ila kaamshwa ndani ya ndoto.

Kahawa ile Mento aliinywa na pamba yake yote.

“Usinicheke,” akasema Rena, lakini sauti ilikuwa imeshapungua makali.

“Sikucheki wewe. Najicheka mimi.” Mento akajifuta uso kwa kiganja. “Unajua kwa nini niliharakisha? Unataka kujua?”

“Kwa sababu huna breki.”

“Mama amepata msichana. Kule Travnik. Binti wa muuza ngozi. Mama anasema nimekaa Sarajevo muda wa kutosha kutengeneza mifarishi ya ndoa za wenzangu. Anataka jibu kabla hatujawasha taa ya kwanza ya sikukuu ya Hanuka, na imebaki kama wiki mbili.”

Rena akashika ukingo wa meza. “Hukuniambia.”

“Ningekwambia nini? Nilitaka kwanza baba yako alainike. Nikasema, akisikia mbele za watu, akaona hata Torati iko upande wangu...”

“Torati iko upande wako!”

“Niliona hivyo. Jana usiku niliona hivyo kabisa.”

“Mzuri, huyo wa Travnik?”

“Sijamwona.”

“Nimekuuliza ni mzuri?”

“Rena, sijamwona! Mama anasema anajua kukaanga samaki.”

“Hata mimi najua kukaanga samaki!”

“Wewe unaunguza.”

Akamtupia kitambaa cha mezani. Kilikuwa kitu pekee kisichovunjika kilichokuwa karibu, na hata katika hasira yake alikumbuka kutogusa mishumaa, maana siku ya Sabato haiguswi. Mento akakidaka, akajipangusa nacho shingo, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya meza. Kile kitendo cha kukikunja, pembe kwa pembe, kwa vidole vile vya mtu aliyezoea vitambaa, kilimmaliza Rena kabisa. Akaona maisha mazima pale: mtu akikunja vitambaa jioni, yeye akimsimulia nani kasema nini, jiko linapumua, theluji nje. Akaona na mwanamke wa Travnik amekaa kwenye kiti chake yeye.

Wakaangaliana. Kati yao ilikuwa meza tu, na juu yake mkate uliobaki, ganda la yai la kahawia, na bakuli la zabibu kavu. Mento akainyoosha mikono yake mezani, viganja juu, hakumgusa. Rena akaiweka yake kando, karibu kabisa, hakumgusa. Joto likavuka lenyewe.

“Twende kwa baba yako sasa hivi,” Mento akanong'ona. “Wote wawili. Nitaomba radhi. Nitapiga magoti kwenye ngazi.”

“Na Bukica?”

“Bukica naye nitamwomba radhi. Baadaye, kwenye sala ya alasiri. Nitasimama palepale niliposimama asubuhi. Si Torati inafunguliwa tena leo alasiri? Wanaanza fungu la wiki ijayo, Yakobo anakwenda kukutana na Esau kaka yake aliyemkosea, anaogopa, anainama mpaka chini. Nitasema, ndugu zangu, mimi ni Yakobo, na nimemkosea Bukica binti Chelebon kwa kutaja macho yake...”

“Ili hata wale waliosinzia asubuhi wasikie,” ikasema sauti.

Bukica alikuwa mlangoni mwa ghala la chakula. Hakuna aliyejua amekaa humo muda gani. Alikuwa na gauni lake la Sabato la rangi ya zambarau iliyokolea, shali mabegani, na alipoingia kwenye joto la jikoni miwani yake ikafunikwa na ukungu mara moja. Akaivua. Bila miwani uso wake ulikuwa mwingine, laini, kama wa mtu anayesikiliza muziki wa mbali. Watu wachache walikuwa wamewahi kuuona. Mento aliuona, akainamisha kichwa.

“Dada Bukica...”

“Kaa chini, unamwagia zulia maji.”

“Dada, mimi nilikuwa nasema Lea wa Torati, wallahi sikuwa na maana...”

“Najua hukuwa na maana. Ungekuwa na maana ningekuheshimu kidogo.” Akavuta kiti, akakaa, akaanza kufuta miwani kwa pindo la shali. “Una sauti nzuri ya kusoma, Mento. Ila uliishia njiani.”

“Niliishia wapi?”

“Kwenye uso wa Raheli. Wanaume wote huishia hapo.” Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza bei ya uzi. “Mimi fungu hili nalisikia kila mwaka tangu nikiwa nimebebwa. Labani anapanga. Yakobo anafanya kazi. Raheli anapendwa. Usiku Labani anamfunika Lea shela, anamsukuma ndani gizani. Asubuhi Yakobo anapiga kelele, nini hiki umenitendea! Anamwambia Labani. Na Lea yuko palepale kitandani, anasikia. Kila mwaka mimi nakaa kule juu nasubiri mtu mmoja, hata mmoja, amgeukie Lea amuulize: na wewe je, unataka nini?”

Jiko likapasua kaa moja.

“Hakuna anayemuuliza,” Bukica akaendelea. “Si baba, si mume, si mdogo wake. Hilo ndilo fungu la wiki, kwangu mimi. Ungelisema hilo leo asubuhi, ningeshuka zile ngazi na kukubusu kichwani mbele ya wazee.”

“Bukica,” Rena akasema kwa shida, “sisi tuli...”

“Nyie mliniuliza?”

Bukica akaiweka miwani mezani.

“Tangu Pasaka. Mnanong'ona uani, mnanong'ona kisimani, nikiingia mnaongelea bei ya sukari. Baba naye anakataa kwa ajili yangu, ananionea huruma kwa ajili yangu, halafu ananiangalia kama nimemvunjia kitu. Na wote mnajua desturi. Mnaijua vizuri kuliko mimi. Mkubwa akisema sawa, mdogo anaolewa. Mdogo anakuja, anaomba ruhusa, anamletea mkubwa zawadi, kitambaa cha kichwa, chochote, mkubwa anasema sawa, mwisho. Baba hana la kusema. Rabi hana la kusema. Mnajua?”

“Tunajua,” Rena akasema, machozi yameshaanza. “Tuliogopa kukuumiza, dada. Tulisema tukikuuliza tutakuwa tumekwambia wewe ndiyo kikwazo.”

“Kwa hiyo mkanipita kimya kimya, kama mtu anavyopita chumba cha mgonjwa.”

“Ndiyo,” Rena akasema. “Ndivyo tulivyofanya.”

Mento alikuwa amenyanyua kichwa. Uso wake ulikuwa umewaka ghafla, na Rena akaona linakuja, akamtolea macho ya kumwambia nyamaza, nyamaza, kwa ajili ya Mungu, lakini yeye akaropoka:

“Basi sema sawa, dada! Sema sasa hivi, nami kesho nakuletea hariri!”

“Mento!”

Bukica akacheka. Kicheko cha kweli, kirefu, mpaka akashika ubavu. “Jamani, huyu mtu. Rena, huyu mtu utamfungia wapi?” Akavaa miwani, macho yake yakarudi kuwa makubwa na ya mbali. “Jana ningesema, mdogo wangu.”

“Jana?”

“Jana Ijumaa nakaanga samaki wa Sabato, nyie mko hapo nje ya dirisha na minong'ono yenu. Nikawaangalia. Wewe Mento ulikuwa unamtoa Rena kitu kwenye nywele. Nikasema moyoni, wakiingia sasa hivi wakaniuliza, nitasema sawa kabla mafuta hayajaanza kulia. Sikuwa na kinyongo. Mimi na nyuzi zangu tunaelewana, sijawahi kulilia mume, ni nyie mnaolia kwa niaba yangu. Nikawangoja. Mlipoingia, Rena akaniuliza kama chumvi ipo.”

Rena akajifunika uso.

“Na leo?” Mento akauliza, na safari hii aliuliza taratibu.

“Leo siwezi.” Bukica akashika shali yake kwa mikono yote miwili. “Leo nikisema sawa, Lunacha kesho atasema nini pale sokoni? Atasema kijana kamtaja macho, naye kajiondoa njiani. Nitakaa pale juu kila Sabato na hilo jina. Mimi kutoolewa sina shida nako. Kuondolewa njiani, hapana. Sitaondolewa na mtu.”

“Itachukua muda gani?”

“Sijui.”

“Dada, hata Yakobo aliambiwa miaka saba. Alijua anahesabu nini.”

“Yakobo aliambiwa na tapeli. Mimi nakwambia kweli: sijui. Mpaka siku nitakapopanda zile ngazi nisisikie kicheko. Inaweza kuwa sikukuu ya Purimu, baridi ikiisha. Inaweza kuwa baada ya hapo sana. Na mpaka nitakapokuita mwenyewe usije nyumba hii. Watu wakikuona unaingia watasema tunapatana bei.”

“Mama yangu anataka jibu kabla ya Hanuka.”

“Mpe.”

Alisema neno hilo moja tu, likakaa mezani kati ya ganda la yai na zabibu. Rena alimwangalia dada yake, akamwangalia Mento, akahisi kila mmoja ameshika ncha moja ya kitambaa kile kile ambacho ni yeye. Angeweza kupiga kelele. Angeweza kumwambia dada yake, unanilipiza mimi, kosa ni lake, mimi nimekosa nini. Lakini mkono ule wa baridi wa asubuhi ulikuwa bado kwenye kiganja chake, na alijua amekosa nini. Aliuliza chumvi.

“Bukica ana haki,” akasema. Sauti ilikuwa ndogo sana, akajishangaa kuisikia. “Nenda, Mento.”

Mento hakwenda. Alisimama, akamgeukia Bukica, akaweka mkono kifuani. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni, na Rena akaona jinsi atakavyokuwa akizeeka, akampenda na kwa huo uzee.

“Dada Bukica, ninaomba ruhusa yako nimwoe mdogo wako.”

“Leo hapana.”

“Nimesikia. Sitauliza tena, wewe ndiye utaniita.” Akavuta pumzi. “Na radhi yako?”

“Radhi ni kitu kingine.” Bukica akaangalia kando. “Hiyo utaipata mapema kidogo. Kwa sababu ulikunja kitambaa.”

Kumbe alikuwa akichungulia muda wote ule kwenye ufa wa mlango wa ghala. Rena akacheka na kulia kwa pamoja, kamasi zikamtoka, akazifuta kwa mkono.

Mento akachukua kofia yake msumarini, nzito kwa maji, akaivaa hivyo hivyo, mchirizi ukamshuka shavuni. Kisha akarudi mpaka kwenye meza. Akasimama mbele ya Rena, na nje ile theluji ikawa inashuka, inashuka, dirisha lote limekuwa jeupe, mwanga wake umewapaka wote watatu rangi ya maziwa, na ilikuwa kana kwamba akisema kitu taratibu kabisa hakitahesabiwa, kitakuwa kimesemwa usingizini.

“Na wewe,” akasema.

“Mimi nini?”

“Nimemuuliza baba yako akuruhusu. Nimeuliza Torati. Leo nimemuuliza dada yako. Wewe sijawahi kukuuliza. Niliona tu pamba kwenye nywele zako nikajua. Sasa nauliza, Rena. Wewe unataka nini?”

Alitaka kusema mambo mengi. Kwamba anataka uani kuwe na wingu tena. Kwamba anataka mwanamke wa Travnik apate mume mzuri, mrefu, tajiri, wa mbali. Kwamba anataka kuamka asubuhi amkute Mento amelala, uzi mweupe kwenye nyusi, autoe bila kumwamsha. Alitaka pia siku moja apande ngazi za sinagogi mkono kwa mkono na dada yake, na mkono wenyewe uwe na joto.

“Nataka uende,” akasema. “Na nataka ungoje. Bila mtu kukwambia mpaka lini.”

“Na wewe?”

“Mimi nitakuwa hapa hapa. Najifunza kutounguza samaki.”

Mento akaitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu anayepima kitu kizito kama ataweza kukibeba mlima wote.

“Nyota tatu zikitoka jioni, Sabato ikiisha, nitampelekea mama neno Travnik,” akasema. “Nitamwambia yule binti wa watu asikae kwa ajili yangu.”

“Utamwambia una nini huku?”

“Nitamwambia sina kitu. Nina kungoja tu.”

Bukica akajitia kutafuta kitu chini ya meza. Rena akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, mbele ya mtu, mchana, akanyoosha kidole akaugusa uso wake, nyusini, pale penye uzi wa pamba, mara moja tu. Mento akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa ameshageuka.

Akafungua mlango, baridi ikaingia, na harufu ya theluji, na ule ukimya wa mtaa mzima ulalao. Akasimama kizingitini kidogo. Rena alidhani atageuka, na alijua akigeuka hatamwacha aende tena. Hakugeuka. Akainama chini ya kizingiti cha juu kama wainamavyo watu warefu, akatoka nje kwenye weupe, na akaufunga mlango nyuma yake.